Pingamizi la Kumrudisha Baba Mapema

Ndugu Mhariri,

Nimesikia redioni kwamba lipo pendekezo la kuzipa mahakama uwezo wa kuzitazama upya hukumu za vifungo virefu. Napinga, kwa heshima zote. Baba yangu, Mzee Paskali wa Itigi, yumo gerezani mwaka wa kumi na mbili kati ya ishirini, kwa nyama ya digidigi mmoja. Sababu zangu ni hizi:

1. Baba alikosa kweli. Askari wa wanyamapori walipofika kwetu tulikuwa tunakula chakula cha mchana. Mtu mwingine angefunika sufuria. Yeye, kwa malezi ya kwao, alisimama akasema, "Karibuni wageni, mmetukuta vizuri, leo kuna digidigi!" Askari mmoja alikwisha kunawa mikono ndipo akaikumbuka kazi yake. Kesi hii ikifunguliwa upya, mahakama italazimika kujadili kama kukaribisha wageni ni kosa. Tusiwachoshe waheshimiwa.

2. Hakimu alimwambia, "Mzee, sheria imenifunga mikono." Baba akamjibu, "Pole sana, mheshimiwa." Mahakimu wakifunguliwa mikono itabidi wafikiri, na kufikiri kunakosesha raha. Nasema kwa uzoefu.

3. Digidigi yule hakuzidi kilo tano. Hiyo ni miaka minne kwa kilo, hesabu iliyonyooka kabisa. Badala ya kuipunguza, naomba ikamilishwe: mifupa nayo ipimwe, na mimi niliyeramba mmoja nikiwa darasa la tano nipewe miaka yangu.

4. Mtaani kwetu sasa kila nyumba hula mlango umefungwa. Mgeni akipiga hodi, tunatafuna kimya mpaka aondoke. Nidhamu hii tumeijenga miaka kumi na miwili. Baba ataibomoa kwa mlo mmoja.

5. Baba mdogo Antipasi amelima alizeti shambani kwa baba hadi karibu na kizingiti chetu. Mama akiuliza, anajibiwa, "Shemeji, huyo wako atatoka mkongojo mkononi, jembe atalishikia wapi?" Huo ni mpango wa muda mrefu wa kilimo. Serikali isiuvuruge.

Kwa hiyo vifungo virefu viachwe virefu, na viongezwe kidogo kwa waliosema ukweli. Walioficha sufuria wapo majumbani mwao na hawamsumbui mtu.

Nisalimie wahariri wenzako, wachapaji, wauza magazeti, na dereva anayetuletea gazeti la juzi. Mama anawasalimu pia, ingawa hajui naandika nini.

Mimi katika kupinga,
Asnath Paskali,
Itigi, Singida.

N.B. Maombi ya hukumu ya baba kutazamwa upya nimekwisha kuyaandika, kurasa kumi na nne, kwa mkono, mara tatu. Sijajaza tarehe tu. Pendekezo likipita, tafadhali usimalize hata kuisoma barua hii. Nipigie simu. Begi langu lipo mlangoni.