Neno Nililolikata

Jumatatu, tarehe 9 Oktoba

Ukuta wa chuo umeingia shimoni. Safari hii ni wa maktaba. Wachimbaji walikuwa chini wakifuata kobalti, ukuta nao ukawafuata. Wametoka wakikohoa, wazima wote. Vitabu bado viko chini.

Mkuu wa mtaa amesema ardhi yetu ni ungo mtupu, tutafukuzwa wote kabla ya Noeli. Wenye nyumba watalipwa fidia. Wapangaji? Eti hilo litatazamwa.

Tata, baba yangu, ameshaamua: nyumba ikienda, mimi naenda Mutshatsha kwa tata mudogo, kuuza magunia ya makala ya kupikia. Mimi, mwenye diploma!

Lakini Mungu yupo. Mama Henriette, muuguzi wa kituo cha afya, anatafuta msichana wa kumsaidia. Msichana huyo atahama na kituo na kulala palepale. Mtihani ni mmoja: kuwauliza wanafunzi wa chuo kama wanapanga uzazi, dawa wanazipata wapi, na nini kinawazuia. Tuko wawili, mimi na Abigaëlle. Abigaëlle hutamka "kondomu" kwa sauti ya muuza mikate. Mimi nikilifikiria tu, masikio yanawaka.

Jumanne, tarehe 10

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Unapanga" linatoka vizuri. "Uzazi" linakwama kooni kama mfupa wa samaki tomsoni. Mama akauliza kutoka jikoni naongea na nani. Nikasema nasali.

Kisha akili ikafunguka. Nilikate! Mtu anayetoka kituo cha afya akikuuliza unapanga, atakuwa anauliza nini kingine?

Jumatano, tarehe 11

Ushindi! Nimeanza na Stany, wa mwaka wa tatu. Nikatazama viatu vyake, nikauliza. Akajibu bila aibu: anapanga tangu mwaka wa kwanza, wako vijana wanne, wanapanga kwa kusaidiana. Nikaandika: wanaume wanashirikiana. Nini kinawazuia? Mvua, akasema. Ikinyesha kila kitu kinalowa, hakuna cha kufanya. Shuleni hawakutufundisha hili!

Dada mmoja anapanga kwa tata Banza. Tata Banza, mzee wa kanisa! Kumbe anahudumia watu nyumbani kwake, kimyakimya. Tena anafuatilia: kila mwanzo wa mwezi, na ukichelewa anakuja mwenyewe kupiga mlango, ngo-ngo-ngo. Kituo cha afya hakina bidii hiyo.

Abigaëlle anauliza swali zima. Wanafunzi wanamkimbia. Pole yake.

Alhamisi, tarehe 12

Siwatafuti tena, wananitafuta wao. Foleni mpaka barabarani. Bibi mwenye vitukuu anapanga! Tena mahali pawili! Akaniambia, mutoto, andika muzuri, usisahau ile ya nyuma. Baba mmoja wa mtaa mwingine akanibembeleza nimwandike kuwa anapanga huku. "Andika tu, mama, nani atajua?" Mama! Hakuna aliyewahi kuniita mama.

Doa moja tu. Rachelle, wa mwaka wa pili, alinivuta nyuma ya choo. Akanong'ona kwamba hataki mimba kabla ya kumaliza masomo, kwamba alikwenda kuomba sindano akaambiwa arudi na bwana, na bwana hana, afanye nini? Alitamka yote, wazi, bila kukata hata neno moja! Nikamwambia uchunguzi umefungwa kwa leo. Watu wasio na haya huharibu takwimu.

Ijumaa, tarehe 13

Nilimsomea Mama Henriette matokeo, nikiwa nimesimama. Wote wanapanga, hata wazee. Kizuizi kikubwa: mvua. Pendekezo: tata Banza apewe shukrani rasmi.

Mama Henriette alivua miwani. Kabla hajasema kitu, kelele nje. Umati, pamoja na magodoro. Stany juu ya kiti: "Mama, mutoto wako ametuandika, sisi tuko bapangaji! Fidia yetu iko wapi?" Tata Banza naye akafika akipiga kelele kwamba nani kamruhusu nani kuandika vyumba vyake.

Vyumba.

Mama Henriette alitoroka kwa dirisha la chumba cha chanjo, akaniacha na umati. Nimepoteza kandambili moja.

Jioni nikasikia. Abigaëlle alipata mtu mmoja tu siku zote hizo: Rachelle. Alimleta mwenyewe, akambishia Mama Henriette habari ya bwana mpaka sindano ikatolewa. Kazi ni ya Abigaëlle.

Jumapili, tarehe 15

Naondoka kesho kwa lori. Nimelitafakari jambo hili kwa moyo mweupe. Kosa si langu. "Kupanga" ni neno chafu, lina nyuso mbili. Mutshatsha wana kituo kidogo cha afya karibu na stesheni. Nitajitolea kuwafanyia uchunguzi, na sasa nina uzoefu. Nimechagua maneno mapya: "Unajikinga na mimba?" Nimeyapunguza kidogo tu, mwishoni.

Baada ya misa nimeyajaribu kwa Moussa, dereva wa lori la Mutshatsha. Unajikinga? Akajibu kila safari, hasa usiku porini. Yake iko chini ya kiti, ya chuma, nzito, na abiria akihitaji humwazima.

Nimeandika: Mutshatsha wameendelea sana.