Malalamiko Dhidi ya Dereva Aliyesoma Waraka

Alhamisi, 16 Agosti 1979. Asubuhi baridi na vumbi. Jua halikuonekana mpaka saa mbili. Nakala ya barua niliyompelekea Meneja leo:

Kwa Ndugu Theonest,
Meneja, Kinu cha Pamba.

Shikamoo, Ndugu Meneja. Kwa heshima kubwa naomba kulalamika juu ya dereva Donatus, ambaye umemsimamisha kazi, na Jumatatu ijayo kamati itaamua kama afukuzwe. Mimi, karani wa safari, nimemwandikia hati kwa miaka sita, na naona makosa yake ni mengi kuliko ulivyoyaorodhesha.

1. Alisoma Waraka wa Uendeshaji Salama. Niliuchapa mwenyewe, kurasa nne. Madereva wote waliutia sahihi pale pale mlangoni, wengine bila hata kuweka chini sigara, kama ilivyotarajiwa. Donatus aliomba kwenda nao nyumbani. Kesho yake akarudi na maswali mawili, yote ya breki.

2. Kila asubuhi anaizunguka Landrova, anachungulia chini, anagonga matairi. Dakika kumi na tano za taifa zinapotea. Dereva mwenzake, Masele, hana tabia hiyo. Masele anaondoka mlango ukiwa bado wazi, na abiria wake hufika mapema, isipokuwa wale wawili wa mwezi wa Aprili, ambao mpaka leo hawajatoka hospitali. Na hata hapo uchunguzi wako ulionyesha wazi kuwa mwenye kosa ni mti.

3. Hana utu. Tulipotoka Rwamgasa, wachimbaji kumi na mmoja waliomba kupanda juu ya keria. Akakataa. Mama mmoja mwenye kuku akamwambia, "We baba, kwani gari la mamako hili?" Akajibu, "Lingekuwa la mama ningekupakia, mama. Hili lina waraka." Watu walicheka, ila mimi niliona aibu kwa niaba ya ofisi. Walimletea hata kikombe cha gongo ili kulainisha mambo. Hicho nacho akakikataa.

4. Jiwe. Breki ya mkono ilikufa mwaka juzi, na ofisi, kwa busara yake, ikatoa jiwe la kuwekea tairi. Donatus hasahau kuliweka. Nami, kwa kuwa napenda hati iliyokamilika, niliandika vifaa vyote: jeki 1, spana 4, jiwe 1. Jumatano ya wiki iliyopita, kwenye kizuizi karibu na Maganzo, mlinzi aliisoma hati ile mara mbili, kisha akaita wenzake: "Njooni! Leo wameandika wenyewe!"

Kumbe kwa watu wa kule, jiwe ni almasi. Donatus akalitoa chini ya kiti, kubwa kama kichwa cha ndama. Mlinzi akakasirika. "Usinifanye mtoto, mzee. Hilo ni la tairi. Lililoandikwa liko wapi?" Walitupekua mpaka kwenye nywele zangu, na jiwe wakalizuia kama kielelezo. Nakiri kwamba mkono ulioandika ni wangu. Lakini lau Donatus angekuwa dereva wa kawaida, jiwe lingekuwa limeshasahauliwa njiani, na nisingekuwa na cha kuandika.

5. Kahama. Jumamosi ulimwamuru aegeshe kwenye mteremko, mbele ya duka la Velji, aje akubebee magunia matano ya mchele. Hakuja. Mawe mengine yalikuwapo barabarani, ila mimi nilikataa kabisa kuandika tena neno hilo, naye hatumii kifaa kisichoandikwa. Akakaa saa tatu mguu ukiwa juu ya breki, eti kule chini kuna wanawake wanaouza nyanya. Nimepitia orodha yetu ya wafanyakazi: wanawake wale hawamo. Ndipo ukamwandikia kosa la kukaa kitako saa za kazi.

Kwa hayo naomba Donatus afukuzwe. Masele apewe safari zote. Waraka ukusanywe na kila nakala ichomwe moto, maana mmoja akishausoma wengine wanaweza kuambukizwa. Na wauza nyanya wa Kahama wapewe onyo la maandishi kwa kukaa mbele ya magari yasiyo na breki.

Naishia hapo kwa utii. Nawasalimu mkeo Mama Klara, watoto, mpishi, na Masele akifika.

Karani wako wa safari,
Serafina Maduhu.

Nyongeza: Nikiwa nafunga bahasha, Mageni wa mapokezi ameniletea agizo lako: kesho alfajiri Mama Klara na watoto wapelekwe harusini, kwa gari lile lile. Nilimwandika Masele. Hati ikarudi na maneno yako kwa wino mwekundu: "Masele hapana! Nina watoto. Mtafute Donatus." Nimemfuata nyumbani kwake. Akanisomea aya ya pili ya barua yako ya kumsimamisha, kwamba haruhusiwi kugusa gari la ofisi. Anasema anatii. Kwa hiyo naomba usisome namba 1 hadi 5. Barua ya kumrudisha kazini nimekwisha kuichapa, nakala tatu. Iko chini ya hii. Chini yake ni maombi ya kununua breki ya mkono.

Mageni amezirudisha zote mbili, ya kumrudisha kazini na ya breki, saa kumi na mbili jioni, zimetiwa sahihi, wino bado mbichi. Nalala saa tatu kasorobo.