Kilemba cha Ukoka kwa Bi Mwanaesha

Jumatatu, 7 Julai 2025

Bi Mwanaesha anatafuta mpangaji wa chumba chake cha chini, kule Kibokoni. Mlango uko barabarani kabisa! Watalii wakitoka Ngome ya Yesu wanapita hapo hapo. Miaka sita mimi nauza vikapu na shanga juani, kichwa kimebakia kidogo kiive. Nakitaka chumba hicho kuliko kitu chochote duniani.

Tatizo ni Mutunga, muuza vinyago wa meza ya jirani. Naye anakitaka. Lakini Mutunga hana maneno. Mimi ninayo ya kuuza na ya kutoa sadaka. Mpango: kumsifu bibi huyu mpaka asahau kuna mtu aitwaye Mutunga.

Mke wangu Kache anasema hicho ni kilemba cha ukoka. Unamvika mtu sifa kupita kipimo chake, naye anatembea akidhani amevaa kilemba, kumbe ni majani, mbuzi akipita anakila. Nikamwambia Bi Mwanaesha anakaa ghorofani. Mbuzi hawapandi.

Jumanne, 8 Julai

Nimeng'ara! Nilipanda kwa Bi Mwanaesha nikasifu kila kilichosimama. Ngazi. Mapazia. Kahawa yake: nilisema maisha yangu yote nilikuwa nakunywa maji meusi tu. Sahani zake za kale ukutani: nilisema makumbusho yafunge, yaone haya. Kisha kasuku wake, Johari. Hapo nilijipita. Manyoya gani! Ulimi gani! Anazungumza kuliko mhubiri wetu wa Tononoka! Dakika kumi nzima, bila kumeza mate.

Bi Mwanaesha alikuwa akikohoa na kusema Mashallah, Mashallah. Furaha imemzidi, maskini.

Mutunga naye alikuja. Alitazama chumba, akasema Mashallah, akauliza kama mvua huingia. Basi! Nilimwonea huruma.

Jumatano, 9 Julai

Johari hasemi. Tangu jana hata "hodi" hataki. Na sahani moja imeanguka ukutani bila kuguswa na mtu.

Bi Mwanaesha aliniita kwa upole mwingi, nyumba nzima inafuka ubani, akaniomba ninawe uso na mikono ndani ya beseni. Heshima iliyoje! Nilinawa kama waziri. Akalichukua beseni kwa mikono miwili, polepole, tone lisimwagike.

Nikashuka nikimcheka Mutunga. Yeye nani kamnawisha?

Alhamisi, 10 Julai

Aibu! Abdulghafur, muuza kahawa wa pale kona, amenieleza yote huku amejishika mbavu. Kumbe hapa Mji wa Kale ukikisifu kitu kupita kiasi bila kusema Mashallah, umekipiga jicho, na kitapatwa na balaa. Na dawa yake ni maji aliyonawia mwenye jicho.

Mwenye jicho ni mimi! Maji yangu karashiwa kasuku!

Baya zaidi, Johari alipolowa alipiga ukelele, akaanza kusema, na hajanyamaza hadi sasa. Ushahidi kamili.

Mpango mpya: Mashallah kwa kila neno.

Ijumaa, 11 Julai

Nilikwenda kwa Bi Mwanaesha baada ya swala. Akasema goti linamuuma tangu Jumapili. Mashallah! Akasema dada yake wa Lamu ameteleza ngazini. Mashallah! Ndipo nikasikia nilichosema.

Bi Mwanaesha alinitazama. Kisha akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. Akaniambia, "Katana mwanangu, wewe huna jicho. Una mdomo tu."

Chumba amempa Mutunga. Amesema katika watu wote waliokuja kukitaka wiki hii, ni yeye tu aliyeuliza habari za mvua. Na mvua huingia kweli, na Mutunga ameahidi kuziba.

Nililia kidogo kwenye ngazi, zile zile nilizozisifu. Bi Mwanaesha akanishushia mahamri kumi ndani ya kitambaa. Nilikula manne kabla sijafika nyumbani. Matamu hayasemeki. Kache akala sita na hakusema neno juu ya mbuzi, nami nikampenda zaidi kwa hilo.

Jumatatu, 14 Julai

Mutunga amefungua duka leo. Nilifikiri Jumapili nzima kanisani, na nimegundua kwamba Bi Mwanaesha amekosea. Jicho ninalo. Kasuku ni shahidi.

Basi asubuhi nilisimama mlangoni kwa Mutunga nikamsifu kwa sauti, Kiswahili na Kiingereza, bila Mashallah hata moja. Twiga wake hawana mfano! Vifaru wake karibu wapumue! Chumba chenyewe ni kasri! Kisha nikangoja dari iporomoke.

Watalii waliokuwa wakitoka Ngome wakasikia. Wakaingia. Kufikia saa nane mchana rafu zilikuwa tupu, na Mutunga, mtu asiye na maneno, alinikumbatia barabarani akasema hana ndugu kama mimi.

Dari bado iko juu. Ni wazi leo nilibania sifa. Kesho nitamsifu mara mbili.