Karatasi Kumi na Mbili na Baiskeli ya Bwana Dresa

Ndugu zangu Salumu na Kasiani, hapo Nachingwea,

Leo nimevuliwa nguo mbele za watu, na shati langu lilikuwa limefungwa vifungo vyote.

Nawaandikia jioni hii hii, kabla habari haijawafikia kwa mdomo wa dereva wa lori. Yule ataongeza chumvi, na chumvi iliyomo inatosha.

Mnajua tangu nihamie huku Ruangwa najiita fundi. (Mtu akisema ametoka karakana ya mashamba makubwa ya karanga, nani atambishia?) Mwezi uliopita nikafungua darasa la kutengeneza baiskeli, barazani kwenye ghala la ufuta. Wanafunzi sita na baiskeli moja mbovu ya kujifunzia. Msomi wao ni Katekista Yohana, anayesoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya kwenye kiberiti. Mwingine ni Bi Somoe, mama mtu mzima ambaye hajashika kalamu maishani. Baiskeli ya marehemu kaka yake ndiyo inayombebea mihogo sokoni, yeye akiisukuma kwa mkono, na amechoka kuzungushwa na mafundi.

Nikaona maneno matupu hayafiki mbali. Nikachora. Zile ramani za mashamba tulizookota wakati wazungu wa karanga wanafunga virago, nimezigeuza nyuma nikachora kwa wino na mkaa, karatasi kumi na mbili. Ya kwanza ni baiskeli nzima. Ya pili gurudumu la nyuma limetoka. Ya tatu mnyororo umetoka. Hivyo hivyo mpaka ya kumi na mbili, vipande vyote vimelala mkekani, kila kimoja peke yake. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: MWISHO. Nikapiga mstari mara mbili. (Mstari wa pili ulikuwa wa majivuno tu.)

Wazee wa ushirika wakazipenda. Wakasema zikifaa watatoa karatasi na wino, zinakiliwe mara tatu: moja iende Narung'ombe, moja Nanganga, moja Mtua, watu wa huko wajifundishe bila kunisubiri. Na jina langu pembeni mwa kila karatasi! Lakini kwanza azikague Bwana Dresa, mtoa dawa wa zahanati, kwa kuwa ana elimu na hana mzaha.

Leo saa tatu asubuhi akaja. Baiskeli yake ilikuwa inalia gurudumu la nyuma, tukamsikia kabla hatujamwona.

"Mwalimu, nionyeshe upesi," akasema hata kabla hajaketi. "Saa sita lori la Lindi linapita njia panda na sanduku la dawa. Wasiponikuta wanapita nalo, mpaka wiki ijayo. Nina watoto wanne wana homa, wamelala pale kwangu, na dawa imekwisha. Saa nne na nusu lazima niwe njiani."

Mtu mwenye akili angemwonyesha picha, akapokea pongezi, akamwacha aende. Mimi nikasema, "Bwana Dresa, basi tusihangaike na ile mbovu. Tuifungue hii yako. Utaondoka nayo hailii."

"Mtaweza?"

"Hii? Hii ni kazi ya kuchezea!" (Mungu anisamehe.)

Nikazitundika karatasi. Jamani, wanafunzi wangu walinipendeza! Yohana anasoma namba, wenzake wanashika spana. Gurudumu likatoka. Mnyororo ukatoka. Ekseli, gololi, pedali, usukani, vyote vikatoka kama kunyonyoa kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Tulipofika karatasi ya kumi na mbili, baiskeli ya serikali ilikuwa imelala mkekani vipande vipande, sawasawa na kwenye picha. Bwana Dresa akapiga makofi.

"Safi sana! Haya, ifungeni."

Wote wakanitazama mimi.

Yohana akaitundua karatasi ya kumi na mbili, akaigeuza kuangalia nyuma. Nyuma kulikuwa na ramani ya shamba la karanga.

"Mwalimu, hapa pameandikwa MWISHO."

"Najua palivyoandikwa! Nimeandika mimi!"

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Ninyi mnaijua siri yangu, maana ni yenu pia. Karanga zilipokufa, tulipewa kazi gani? Kufungua matrekta. Tukafungua, tukapanga kwenye masanduku, tukapakia, vikaenda zake. Tumefungua mpaka tunaota nati usingizini. Nani kati yetu aliwahi kufunga kitu? Na ile mbovu ya darasani tuliifungua kidogo kidogo mwezi mzima, ikaishia kwenye debe. Kila nikiulizwa habari ya kuifunga, nilijibu, "Tutafika huko." Basi leo tulikuwa tumefika.

"Nipisheni," nikasema.

Nikafunga. Nilipomaliza gurudumu likalalia upande kama mlevi, na mkononi nimebaki na washa mbili na gololi tano. Nikafungua tena. (Kufungua, jamani, nilifungua upesi ajabu!) Nikafunga mara ya pili. Sasa gurudumu lilisimama vizuri, ila mnyororo ulikuwa bado uko mkekani. Nikafungua yote mara ya tatu.

Bwana Dresa akatoa saa yake. Saa nne na dakika kumi. Mwanzoni alifoka, nami nilivumilia, kufokewa nimekuzoea. Kilichonitisha ni alipoacha kufoka. Alivua kofia akasema taratibu, "Mwalimu, wale watoto, nitawaambia nini mama zao?"

Niliogopa. Sikuogopa tena kuchekwa, niliogopa hasa. Gololi zikaniponyoka, watu wazima sita wakapiga magoti kuzitafuta vumbini.

Bi Somoe peke yake hakuinama. Alikwenda ukutani, akatundua karatasi zote, akamnyang'anya na Yohana ile yake. Akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Mwanangu, sogea kidogo."

Akaiweka chini karatasi ya kumi na mbili. Kando yake ya kumi na moja. Akaitazama hii, akaitazama hii.

"Kwenye hii kipande hiki kiko nje," akasema. "Kwenye hii kiko ndani. Si kinaingia?"

Akakiingiza. Akachukua ya kumi. Akachukua ya tisa. Gololi akazipaka grisi ili zishike, akazipanga moja moja. Yohana akashindwa kuvumilia.

"Bi Somoe, unarudi nyuma! Pale ni mwisho, pameandikwa!"

"Mie sijui kusoma, baba. Pameandikwa wapi?"

Akamwonyesha zile herufi zangu na mistari yake miwili. Bi Somoe akaziangalia, spana mkononi.

"Kumbe! Mie mwezi wote nilijua hilo ndilo jina la mwalimu."

Wamecheka, ndugu zangu. Alicheka hata Bwana Dresa, na saa iko mkononi. Mimi nilishika taa ya baiskeli nikaifuta kwa shati, maana sikuwa na mahali pa kuyaweka macho yangu.

Saa nne na dakika arobaini akapanda. Tulisimama barabarani wote saba tukisikiliza. Hailii. Halafu tukarudi barazani, na mpaka saa tisa hakuna aliyefundisha wala aliyejifunza, tulikaa tu tunatazama njia.

Akarudi. Sanduku limefungwa nyuma kwa kamba. Nilitaka kulia, nikasema ni vumbi.

Aliposhusha dawa alikuja kutoa hukumu yake. Karatasi zinakiliwe, ziende Narung'ombe, Nanganga na Mtua kama walivyosema wazee. Lakini MWISHO lifutwe, na mahali pake paandikwe: "Ukifika hapa, rudi ulikotoka." Atakayesimamia kunakili ni Bi Somoe. Nikauliza kwa adabu habari ya jina langu pembeni. Bwana Dresa akasema nisiwe na shaka, jina langu sasa linajulikana.

Kweli linajulikana. Mkija Ruangwa msiulize Mwalimu Hamisi, hamtaonyeshwa njia. Ulizeni Mwalimu Mwisho, hata watoto wanakujua kwake. Na tafadhali, Salumu, usicheke mpaka kwanza umefunga trekta moja.