Saa Moja Bila Yerba

Jumanne, 1 Agosti

Dada yangu Saturnina, salamu nyingi kutoka nyumbani Itauguá. Hujambo huko Buenos Aires? Baridi imekuachia? Na miguu yako je, bado jioni inawaka kama umekanyaga pilipili? Mimi mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa vidole. Daftari hili naliandika kidogo kidogo. Likijaa nitampa dereva wa basi akuletee. Usimsomee mtu!

Siri yenyewe ni hii. Vidole vya mkono wa kulia vimekufa ganzi. Gumba, cha shahada na cha kati. Jana nashona lesi, naona doa jekundu kwenye uzi mweupe. Nikadhani petali ya ua imedondoka. Damu! Sindano imezama kidoleni, na mimi naimba tu wimbo wa Bikira.

Na mwaka huu joho la sanamu ya Bikira wa Rozari nimepewa mimi kulishona. Mimi! Baada ya miaka kumi na tisa ya kupitwa na Ña Librada wa ng'ambo ya barabara. Majua sitini ya lesi, kila moja duara lenye miale, nyuzi zake zahesabiwa kwa ncha ya kidole, na sikukuu ni Oktoba saba. Kamati ya kanisa ikijua vidole vyangu havisikii, joho linavuka barabara siku hiyo hiyo.

Leo ndiyo siku yetu ya kunywa ile pombe ya majani ya ruda na limau tumbo likiwa tupu, kufukuza mikosi ya Agosti. Kidonge changu cha tezi ya shingo nimekimezea humo humo. Mikosi na tezi, funda moja!

Jumatatu, 7 Agosti

Zahanati. Nesi Zunilda kanigonga visigino kwa kinyundo, miguu haikuruka. Akaniambia nifumbe macho, atanigusa kwa pamba, nitaje kidole. Nikafumba jicho moja na nusu. Nikapata vyote! Kisha akaweka faili mbele ya uso wangu, akauliza, na sasa? Nikajibu kwa sauti ya ushindi: gumba! Akasema hajanigusa popote.

Kanieleza kama mtoto wa katekisimu. Tezi ya shingoni imelala. Ikilala, mwili unavimba kimya kimya, mishipa ya fahamu inabanwa kwenye kifundo cha mkono, na ile ya miguuni nayo inadhoofika. Kidonge ndicho kinachofanya kazi ya tezi. Lakini damu yangu inaonyesha kama vile kidonge sikimezi.

Akauliza kama nakimeza. Nikaapa, kila alfajiri. Kwa maji? Kwa maji. Kabla ya kula? Kabla. Wala sikusema uongo, Saturnina! Yerba ni majani yanayotiwa maji kama chai, na yerba si chakula.

Kanipa kibao cha kufunga mkononi nikilala. Nimekivalisha soksi ya mume wangu Isabelino, mtu asikijue. Isabelino anauliza soksi ya pili iko wapi. Nimemwambia amwombe Mtakatifu Antonio, mtafuta vilivyopotea.

Jumatatu, 14 Agosti

Majua tisa tu. Matatu yamepinda.

Nimebuni dawa: beseni la maji ya moto, miguu ndani, damu ichangamke na ipande mpaka vidoleni. Nikakaa raha mustarehe, nashona. Isabelino akapita, akachovya kidole ajue kama maji yanamfaa kunyolea. Aliruka mpaka kuku wakatawanyika! Akafoka, "Wewe mwanamke, unajipika?" Nikamwambia ni vuguvugu. Akanitoa miguu. Myekundu kama nyanya, na malengelenge mawili.

Uchungu? Hakuna. Hapo ndipo nilipoogopa kidogo. Nikasali.

Jumanne, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa, na aibu kwangu. Isabelino alimwita Zunilda nyuma ya mgongo wangu. Kaja saa kumi na moja alfajiri kabla ya zamu, kuniosha malengelenge. Kanikuta jikoni: kidonge juu ya ulimi, kibuyu cha yerba mkononi, mrija mdomoni. Ile yerba tamu, ya maziwa na nazi, kama ya mama.

Alikaa. Halafu akauliza taratibu, "Ña Obdulia, maji yenyewe ndiyo haya?"

Nikasema yamo ndani.

Akasema yerba na maziwa vinakishika kidonge tumboni, kisipite. Mwaka mzima nimemeza bure! Kuanzia kesho: kidonge, glasi ya maji matupu, kisha saa moja bila yerba. Maji ya beseni niyapime kwa kiwiko. Miguu niitazame kila jioni, nyayo kwa kioo, na nisitembee pekupeku.

Isabelino ndiye aliyelia zaidi. Saa nzima bila yerba? Hata gerezani wanapewa! Zunilda akamjibu kuwa yeye anywe, lakini akanywee uani.

Sasa sikia. Mimi siamrishwi na binti aliyezaliwa mwaka nilioolewa. Lakini nimepata wazo langu mwenyewe! Nimemwekea Bikira nadhiri: mpaka siku ya joho lake namtolea saa moja kila alfajiri, sitii yerba mdomoni. Yeye anirudishie vidole. Hilo na la Zunilda halihusiani hata kidogo.

Jumatano, 16 Agosti

Nimesali rozari nzima kwa dakika tisa. Zikabaki hamsini na moja. Harufu inatoka uani. Isabelino anafyonza mrija kwa makusudi.

Jumatatu, 4 Septemba

Ña Librada kaja na mikate ya jibini, chipa za moto. Anacheka, anazungusha macho. Akaangusha sindano sakafuni, eti bahati mbaya. "Shoga, hebu niokotee, mgongo wangu huu." Ujanja mtupu! Nikainama, nikapapasa, nikapapasa. Vidole vinakuta sakafu tu. Nikageuza mambo, nikapiga ishara ya msalaba, nikaanza Salamu Maria papo hapo magotini.

Akanisubiri mpaka Amina. Kisha akasema, "Bikira amekusikia, shoga. Sindano iko chini ya goti lako."

Nimekwisha. Kesho kamati itajua.

Jumatano, 6 Septemba

Kamati haijui. Librada ndiye aliyerudi, na miwani yake. Akakaa, akanitungia uzi sindano thelathini, akazichomeka kwenye mto kwa mstari. Anasema majua yangu ya kwanza yanafanana na mayai ya kukaanga. Kafumua matatu bila kuniuliza! Anasema atakuja kila alasiri.

Bila shaka ananipeleleza. Namwacha, maana anatunga vizuri.

Ijumaa, 29 Septemba

Aleluya! Nimejichoma na nimepiga kelele! Uchungu mtamu, Saturnina, uchungu kabisa, wa gumba! Librada alidhani nimeona nyoka. Nikajichoma tena kuhakikisha. Tukacheka sote wawili, halafu yeye akafuta machozi, akasema ni vumbi.

Ganzi ya miguu bado ipo, lakini imepungua. Kioo nakitumia. Majua hamsini na mbili.

Jumamosi, 7 Oktoba

Joho limepanda begani mwa Bikira! Majua sitini, na upepo ulipolipuliza watu wakasema aaa. Padri alitaja jina langu. Nikamwomba ataje na la Librada. Librada akanifinya mkono, na nikasikia vidole vyake vyote vitano.

Zunilda alinikuta baada ya maandamano, na matokeo ya damu. Yamepanda vizuri. Anafurahi mno, eti unaona, maji matupu. Nikamwitikia tu. Maskini, hajui habari za nadhiri.

Kasema vidole havijapona kabisa, niendelee hivi hivi maisha yangu yote. Librada naye kauliza mbele ya kamati kama joho la mwakani nitaliweza. Nikajibu vidole hivi havilali tena! Wakaandika jina langu.

Jumapili, 8 Oktoba

Nadhiri imetimia jana. Leo saa kumi na nusu alfajiri Isabelino kanirudisha jikoni kwa shangwe, kibuyu kimejaa. Yerba ya maziwa na nazi! Nimeshukuru, nimeweka kidonge ulimini, nikafyonza. Kimeteremka kitamu kama zamani. Wiki nane nilikuwa namkosea adabu mama yetu kwa kuiacha yerba yake.

Dada, miguu yako hiyo inataka nadhiri tu. Weka wiki nane, zisizidi, halafu rudi kwenye yerba yako kwa amani. Daftari limejaa, dereva anaondoka kesho. Nijibu upesi, uniambie umeanza.

Obdulia wako