Malalamiko Kuhusu Sauti ya Koo Katika Jina la Mjukuu Wangu

Ottapalam, Kerala

Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Wachunguzi wa Lugha ya Mababu

Natumai nyote hamjambo, pamoja na makoo yenu. Mimi ni Devayani, mke wa Profesa Achuthan, mwanachama wenu anayetafuta jinsi mababu zetu walivyotamka maneno kabla lugha za Kusini mwa India hazijaachana. Kwa heshima zote, naleta malalamiko haya.

1. Siku ya kumpa mjukuu wetu jina na kumfunga uzi mweusi kiunoni, Profesa alimziba sikio moja kwa jani la tambuu, akamnong'oneza jina katika la pili. Sisi tulisikia mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Binti yangu Sreelatha akauliza, "Baba, ndilo jina hilo, au umepaliwa?" Akajibu kuwa ni jina la kale, lenye sauti ya koo ambayo hakuna aliye hai aliyewahi kuisikia. Na jina likishanong'onezwa halirudishwi.

2. Zahanatini waliuliza jina la kuandika kwenye kadi ya chanjo. Profesa akamwambia muuguzi atangulize alama ya nyota, ndiyo ishara ya sauti inayokisiwa. Muuguzi akasema, "Mzee, mimi nachoma watoto sindano, sichomi makisio." Tukarudi hivyo hivyo.

3. Nusu yenu mnasema sauti hiyo ilikuwepo; nusu mnasema ilikuwa irabu ndefu tu. Pande zote mbili zimekuja kwangu, zimemaliza chipsi za ndizi, na zimemkoromea mtoto kwa zamu. Nami, bibi yake mzaa mama, namwita "wewe". Inaniuma sana.

Kwa hiyo naomba mpige kura. Mkishindwa, nitafutieni mzungumzaji mmoja wa lugha hiyo, hata kibogoyo. Naye akikosekana, basi lugha hiyo ifutwe, na sisi watoto wake tupewe mama mwingine asiye na makuu.

Nisalimie wanachama wote, hata wale wa irabu ndefu.

Wako mtiifu,
Devayani Amma

Nyongeza: Kabla sijabandika stempu, mtoto ameshikwa na msokoto wa tumbo. Tumembembeleza kwa majina ya miungu wote wa nyumba hii; wapi! Babu yake akamwinamia, akamwita kwa jina lake. Akanyamaza, akamgeukia. Nami nikajaribu, koo likagoma. Nikajaribu tena, akanitazama. Tafadhali msipige kura. Mkiiondoa sauti hiyo, nani ataitika?