Neno Kaa na Kura ya Madebe

Jumanne, 8 Machi 1988

Siku njema! Mama Wakiuru, mwenyekiti wa chama chetu cha Kiswahili hapa Kaloleni, ametangaza neno la Jumamosi: kaa. Kaa wa baharini, kaa la moto, na kukaa kitako. Kila mshindani aeleze maana zote na zilikotoka. Mshindi ndiye Mlezi wa Lugha, na atakalia kile kiti chenye mikono mwaka mzima. Mpinzani ni yule yule, Mwalimu Wamalwa. Amekwisha kunishinda mara tatu. Mke wangu Wangeci amesema nikishindwa tena niachane na maneno, nijiunge naye kwenye kwaya. Mimi Gachanja, karani wa stoo ya reli, nitikise kayamba! Labda nife kwanza.

Jumatano, 9 Machi

Asili ya neno nimeipata. Wala sikufungua kitabu. Mvuvi alimshika kaa, akamchoma juu ya makaa, akakaa akamla. Mama mmoja, watoto watatu. Kaa mwenyewe sijawahi kumwona, lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu ni nyingi.

Nilimdokezea Wamalwa ili atetemeke. Akacheka. Akasema hayo ni maneno matatu yasiyo na undugu, kila moja lilikuja kwa njia yake. Zamani yalikuwa na sauti katikati, ikadondoka, yakabaki kufanana. Akaniuliza kwetu Gikuyu tunaitaje makaa. Nikasema makara. Na kukaa? Ikara. Akasema sauti ndiyo hiyo, Waswahili waliiacha njiani. Mjinga huyu! Amenipa ushahidi bure kwamba ni ndugu.

Alhamisi, 10 Machi

Mbinu. Zamani tulihukumiwa kwa makofi, na Wamalwa huleta wazazi wa wanafunzi wake, watu wa viganja vikubwa. Nimependekeza mlolongo, kama uchaguzi wa siku hizi: kila mtu asimame nyuma ya amtakaye, nje, kwenye nyasi kando ya mfereji, bomba letu sote la maji. Mama Wakiuru amekubali. Vijana wa stoo wameahidi kuja wote. Nimewapa chai na mandazi. Kiti changu hicho!

Ijumaa, 11 Machi

Mfereji umekauka. Akina mama wamepanga madebe tangu asubuhi, wakaenda zao. Ndiyo desturi yetu: debe likishapangwa ni kama mwenyewe amesimama pale, na hakuna wa kulisogeza. Wangeci ameniagiza nipange letu. Nimemwambia kiongozi hapangi debe.

Jumamosi, 12 Machi

Nimeshinda!

Niandike kwa utaratibu. Wamalwa alieleza ile sauti yake iliyodondoka. Watu waliitikia kwa vichwa. Nami nikamleta mvuvi wangu. Walicheka sana, nadhani kwa furaha. Kisha mlolongo. Wote wakaenda nyuma ya Wamalwa. Wote! Vijana wa stoo walikuwa wamekwenda kutazama mpira, wasaliti wakubwa, na mandazi yangu tumboni. Wangeci alisimama pembeni akiimba sauti ya pili, polepole. Nilitaka kulia.

Ndipo nikaona madebe. Nikapiga hatua mbili, nikasimama mbele yao, mgongo kwa mfereji... hapana, uso kwa mfereji, ili yawe nyuma yangu. Mstari ulifika hadi mlango wa ukumbi. Nikamwomba Mama Wakiuru ahesabu.

Wamalwa akapinga. Akasema debe halina masikio, litasikiaje mjadala?

Mama Wakiuru akayageukia madebe. Watu wakamtazama, maana foleni ya mfereji ni yeye huisimamia.

"Mwalimu," akasema, "jana debe lako lilisimama hapa kutwa, wewe uko shuleni. Kuna aliyeliruka?"

"Hapana, Mama."

"Basi debe la mtu ni mtu. Nikisema leo si mtu, kesho tutapigana hapa."

Madebe yalikuwa mengi kuliko watu. Nimekalia kiti chenye mikono. Wamalwa amenipa mkono, debe lake nalo limenipigia kura!

Jumapili, 13 Machi

Maji yalirudi alfajiri. Mama Wakiuru alinigongea mlango. Akasema waliosimama nyuma yangu wananingoja, na kiongozi huwatumikia wapiga kura wake. Heshima iliyoje! Nimejaza madebe yote na kuyafikisha milangoni, la Wamalwa pia. Akina mama walikuwa wakiniita kwa cheo: Mlezi, usimwage! Mgongo haunyooki, lakini ushindi ni ushindi.

Mfereji umekauka tena. Wangeci ananiuliza debe letu liko wapi. Liko jikoni, tupu, kwa kuwa halikupangwa. Ananiuliza tutapikia nini.

Nimemwambia anyamaze kidogo, ninafanya kazi. Neno la Jumamosi ijayo ni paa: paa wa porini, paa la nyumba, na kupaa angani. Wamalwa atasema si ndugu. Maskini! Ni wazi kabisa: mnyama alipaa, akatua juu ya nyumba.